Starship toleo la pili baada ya safari tano: chini pameiva, juu bado pabichi

Toleo la pili la Starship, roketi kubwa ya kampuni ya SpaceX ya Marekani, lilimaliza kazi yake tarehe 13 Oktoba 2025, chombo chake cha juu kiliposhuka wima juu ya Bahari ya Hindi na kulala ubavu majini. Zilikuwa safari tano katika miezi tisa. Chombo cha juu kilipotea mara tatu mfululizo, kikafaulu mara mbili mfululizo, na katikati ya hapo kingine kikalipuka kwenye stendi ya majaribio kabla hakijafika hata pedi ya kurushia. Kuhesabu milipuko hakumsaidii mtu anayetaka kujua kama mashine hii itabeba mzigo wake. Kinachosaidia ni kuuliza kilichoharibika kilipita jaribio gani ardhini, na kwa nini jaribio lile halikukiona.

Vipimo kwanza. Roketi nzima ina urefu wa takriban mita 123 na kipenyo cha mita 9, mwili wake ni chuma cha pua. Sehemu ya chini, Super Heavy, ni mita 71 na ina injini 33 za Raptor. Hujazwa takriban tani 3,400 za methani na oksijeni, vyote katika hali ya kimiminika. Chombo cha juu kina injini 6: tatu za kawaida katikati, na tatu zenye pua pana za kufanyia kazi penye ombwe, yaani pasipo hewa. Katika toleo la pili matangi yake yaliongezwa ujazo kwa asilimia 25, hivyo yanabeba kama tani 1,500. Msukumo wa kuondokea ni takriban tani 7,500, zaidi ya mara mbili ya Saturn V iliyopeleka watu mwezini.

Kabla ya kuruka, kila kipande hupita njia moja ndefu huko kusini mwa Texas. Tangi likishalehemewa hupelekwa Massey's, eneo lililokuwa uwanja wa kulengea shabaha kwa bunduki. Huko hujazwa nitrojeni kimiminika yenye baridi ya nyuzi −196, kisha hutiwa presha huku jeki za haidroli zikisukuma kitako chake kuiga nguvu ya injini. Nitrojeni huchaguliwa kwa sababu haiwaki, na ni baridi kuliko oksijeni ya nyuzi −183 na methani ya nyuzi −161. Mshono ukistahimili hapo, baridi ya kazi halisi haitauogofya. Kinachotafutwa ni mshono unaovuja, kuba lililokunjamana, na mabano yaliyofunguka baada ya chuma kusinyaa kwa baridi.

Jaribio hili huhitaji akili ya mpangilio kuliko nguvu. Tarehe 3 Aprili 2020 tangi la mfano lililoitwa SN3 lilijikunja kama kopo la soda. Chuma chake hakikuwa na kasoro. Tangi la juu lilikuwa limejaa na zito, na la chini yake likapoteza presha. Kuta nyembamba za chuma hubeba uzito kwa sababu zimevimbishwa kwa ndani. Ukitoa presha chini ya mzigo, umeondoa nguzo. Wapangaji wa jaribio ndio waliokosea pale, na tangu hapo utaratibu wa kujaza na kutoa umekuwa na nidhamu inayoonekana.

Injini hujaribiwa moja moja McGregor, kaskazini zaidi katika jimbo hilohilo, kabla ya kusafirishwa na kufungwa. Zikishafungwa, pampu zake huzungushwa bila kuwasha moto ili kuona kama vali zinafunguka kwa mpangilio. Kisha huja jaribio la kuwasha injini huku roketi imebanwa chini: kwa Super Heavy ni injini zote 33 kwa sekunde chache tu. Mwisho sehemu mbili hupachikwa kwa mikono ya mnara, na ikihitajika hujazwa mafuta na oksijeni kama siku yenyewe, saa ikirudi nyuma, bila kurushwa. Siku ya safari kujaza huchukua chini ya saa moja. Kasi hiyo ina sababu: vimiminika hivi vimepozwa chini ya kiwango chao cha kuchemka ili viingie vingi zaidi, na kila dakika vinavyokaa ndani ya chuma chenye jua la Texas vinapata joto na kuvimba.

Njia hii ni nzuri kwa kukamata kasoro za ufundi: mshono mbovu, vali iliyogoma, waya uliochomoka. Udhaifu wake ni kwamba stendi inashika. Chombo kilichobanwa hakitikisiki kama chombo kilicho huru. Tangi lililojaa pomoni lina mtikisiko wake wa asili, na likipungua hadi robo mtikisiko huo unahama. Ukikutana na ule wa injini au wa bomba la kulisha, bomba linacheza kama waya wa gitaa. Kuwasha injini kwa sekunde chache na tangi zito hakukufikishi hapo kamwe.

Hilo ndilo lililotokea tarehe 16 Januari 2025, safari ya saba ya Starship na ya kwanza kwa toleo la pili. Chombo kilikuwa na mabomba mapya ya kulishia zile injini za pua pana, yaliyozungushiwa koti la ombwe ili mafuta yasipate joto. Mtikisiko uliokuja angani ulikuwa na nguvu mara kadhaa kuliko ule uliopimwa ardhini. Viungo vikaanza kuvuja, na mvujo ukajaa katika nafasi iliyo kati ya kitako cha tangi la oksijeni na ngao ya nyuma, nafasi ambayo mafundi huiita dari. Matundu ya kutolea hewa ya darini hayakutosha, moto ukashika, injini zikajizima moja baada ya nyingine, na vipande vikaanguka upande wa visiwa vya Turks na Caicos huku ndege za abiria zikigeuzwa njia.

Marekebisho yalikuwa ya busara. Chombo kilichofuata kiliwashwa kwenye stendi kwa sekunde 60, kikipandishwa na kushushwa nguvu, na mipangilio tofauti ya mabomba ikajaribiwa. Darini pakaongezwa matundu na nitrojeni ya kufukuza gesi inayowaka. Tarehe 6 Machi kikaruka, na kikapotea karibu dakika ileile, kwa dalili zinazofanana, lakini kwa chanzo kingine: kifaa ndani ya injini moja ya katikati kiliharibika, mafuta na oksijeni vikachanganyika pasipotakiwa, vikawaka. Ni kama fundi wa gari aliyebadilisha pampu ya maji kwa sababu injini ilichemka, kumbe safari hii tatizo ni gasketi. Jawabu likawa kukaza zaidi viungo muhimu vya injini, kuweka mfumo mpya wa nitrojeni na kuboresha njia za kumwagia masalia. Dawa kamili ilisubiri Raptor ya tatu, ambayo sehemu nyingi za nje zimeingizwa ndani ya chuma chenyewe na viungo vya kuvuja vimepungua.

Safari ya tisa, 27 Mei, ilivuka pale palipowashinda wenzake wawili. Injini zilimaliza kazi yake zote. Kilichoharibika kilikuwa kidogo na kisicho na fahari yoyote: kitawanyishi cha gesi ndani ya tangi la methani, kile kinachopooza kasi ya gesi moto inayoingia kujaza presha tangi linapopungua. Kilifeli, methani ikavujia kwenye ncha ya juu ya chombo, mfumo ukatoa gesi kujaribu kuokoa presha, chombo kikapoteza mwelekeo na kuanza kuzunguka. Mlango wa mizigo nao ulikataa kufunguka. Kosa hili ndilo lililochunguzwa vizuri kuliko mengine yote ya toleo la pili. Kitawanyishi kilipelekwa McGregor, kikawekwa katika hali za safari hadi kikafeli vilevile, kikabuniwa upya, kisha kipya kikaendeshwa zaidi ya mara 10 ya muda wake wa kazi bila kuharibika. Kama kila kifaa cha chombo cha juu kingepata mateso ya namna hiyo kabla ya Januari, uhakiki huu ungekuwa mfupi.

Halafu ikaja tarehe 18 Juni 2025. Chombo nambari 36 kilikuwa kwenye stendi ya Massey's kikijazwa tayari kwa kuwashwa injini. Mtungi wa nitrojeni uliofungwa juu, katika sehemu ya mizigo, ukapasuka. Matangi yakafuata, na stendi yenyewe ikaharibika vibaya. Mitungi hii ina ganda la ndani lililovingirishwa nyuzi za kaboni. Uzuri wake ni wepesi. Ubaya wake ni kwamba huficha jeraha: pigo dogo la spana wakati wa kufunga laweza kutenganisha tabaka za nyuzi bila kuacha alama ya kuonekana kwa macho. Mtungi ule ulipasuka kwa presha ndogo kuliko ile ambayo mitungi ya aina hiyo hupimiwa. Baada ya hapo presha ya kazi ikashushwa, ukaguzi ukaongezwa pamoja na njia mpya ya kutazama ndani bila kuharibu, na mitungi ikavalishwa vifuniko vya kuikinga na vigongo. Vifuniko! Kwa mashine ya kiwango hiki, hilo lilipaswa kuwapo tangu mwanzo.

Hasara kubwa ya mlipuko ule haikuwa chombo. Stendi ikiwa imekufa, chombo kilichofuata kilibidi kiwashwe kwenye pedi ya kurushia, juu ya kiunzi kilichoungwa kuziba pengo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi mwenye koleo moja husimama.

Safari ya kumi, baada ya kuahirishwa mara mbili kwa hitilafu ya mitambo ya ardhini na kisha mawingu, iliruka tarehe 26 Agosti. Mlango ulifunguka, mifano 8 ya setilaiti za Starlink, huduma ya intaneti ya SpaceX, ikatolewa mmoja mmoja kupitia tundu jembamba ubavuni, injini moja ikawashwa tena angani. Wakati wa kurudi sketi ya nyuma ilipata jeraha na pezi moja likaungua ukingoni, lakini chombo kikatua karibu kabisa na boya lenye kamera. Safari ya kumi na moja ikarudia yote hayo, ikiongeza kona ya kulala upande kabla ya kutua, mazoezi ya siku ambayo chombo kitarudi mnarani. Eneo la kutua liko upande wa magharibi mwa Australia, kwa hiyo msomaji wa Mombasa au Mtwara asipoteze muda kukodolea bahari macho.

Super Heavy ni habari nyingine kabisa, na hapa sifa zinastahili. Injini 20 za mzingo wa nje hazigeuki na hazijiwashi zenyewe. Huwashwa kwa gesi inayotoka kwenye pedi, na ikishaondoka hazina namna ya kuwaka tena. Zile 13 za ndani ndizo zinazogeuka, na ndizo zinazowaka wakati wa kurudi, kisha hubaki 3 za katikati roketi inapojipenyeza kati ya mikono ya mnara. Roketi yenye urefu wa ghorofa zaidi ya ishirini hudakwa kwa vishikizo viwili vidogo vilivyo chini ya mapezi ya wavu, yale yanayoiongoza hewani ikishuka. Mara tatu imedakwa: 13 Oktoba 2024, 16 Januari na 6 Machi 2025. Roketi mbili kati ya hizo zimerushwa tena. Ya kwanza iliondoka ikiwa na injini 29 kati ya 33 zilizokwisha kuruka, ya pili 24.

Ila neno "kutumika tena" lisomwe na kalenda mkononi. Ya kwanza ilikaa siku 131 kati ya safari zake mbili, ya pili siku 221. Falcon 9, roketi ndogo zaidi ya kampuni hiyohiyo, imewahi kurudia kazi kwa siku 9. Baada ya kudakwa mara ya kwanza, pua za injini za mzingo wa nje zilikutwa zimepinda kwa joto. Jambo la kurekebishika, lakini ndilo linalokula siku. Safari ya tisa pia ilionyesha ukomo wa chuma. Roketi ilirudishwa makusudi ikiwa imeinama kwa pembe kali ili ikamate hewa zaidi na kuokoa mafuta, na bomba kubwa la kupitishia methani ndani yake halikustahimili; likavunjika injini zilipowashwa za kutua. Gharama yake ilikuwa roketi iliyokuwa imeshapangiwa kutupwa baharini hata hivyo. Hiyo ndiyo namna nzuri ya kununua maarifa.

Pedi nayo ni sehemu ya bidhaa, na anayeisahau ataikumbuka. Aprili 2023 safari ya kwanza ilichimba shimo kwenye zege na kurusha mabonge yake mbali. Jawabu lilikuwa bati nene la chuma lenye matundu yanayorusha maji kwenda juu, likifunguliwa sekunde kama 10 kabla ya kuondoka. Tangu hapo chini ya roketi hakujachimbika tena. Novemba 2024, safari ya sita, roketi ilikuwa nzima ila mnara ndio ulioumia wakati wa kuruka, na kompyuta zikaamua roketi ishukie majini. Uamuzi sahihi. Pedi ya pili imejengwa na mtaro wa moto chini yake, kama pedi nyingi za zamani, jambo ambalo lingefanywa tangu mwanzo kama haraka isingekuwa nyingi.

Sasa vigae. Chombo cha juu kina vigae karibu 18,000 vya pembe sita, vyeusi, vilivyopachikwa upande mmoja. Toleo la kwanza lilifundisha kwamba adui ni bawaba: Juni 2024 joto lilipenya kwenye kiungo cha pezi la mbele na kulila hadharani mbele ya kamera. Toleo la pili likasogeza mapezi hayo juu na kuyafanya madogo, yakae pembeni mwa njia ya joto, na dawa hiyo imefanya kazi. Kilichobaki ni nyufa kati ya kigae na kigae. Safari ya kumi chombo kilirudi na rangi ya kutu ubavuni kwa sababu vigae vichache vya chuma vilivyowekwa kwa majaribio viliungua na kupaka majirani, na michirizi myeupe ikaonyesha joto limepita kwenye nyufa na kuchoma tabaka la chini. Safari iliyofuata vigae vikafungiwa kitambaa maalumu cha kuziba nyufa, na vingine vikaondolewa makusudi, hata mahali pasipo na tabaka la akiba. Kilirudi. Hata hivyo hakuna chombo kilichorudi nchi kavu kikakaguliwa na kurushwa tena. Anayesema ngao hii inatumika tena anasema kuhusu mpango.

Kama huduma ya usafirishaji, basi, hesabu ni hii. Hakuna mzigo wa mteja uliopelekwa. Safari zote zilikuwa chini kidogo ya kasi ya kubaki kwenye mzingo wa kuizunguka dunia, kwa makusudi, ili chombo kikigoma kianguke chenyewe baharini. Elon Musk mwenyewe alisema Aprili 2024 kwamba roketi ya wakati ule ingepeleka tani 40 hadi 50, wakati ahadi ni zaidi ya 100. Ahadi hiyo imehamishiwa toleo la tatu. Mlango uliopo unatoa setilaiti bapa za kampuni yenyewe, si kontena lako. NASA, shirika la anga la Marekani, iliyotoa kandarasi ya dola bilioni 2.89 Aprili 2021 kwa chombo cha kutua mwezini, inahitaji kitu kigumu zaidi: vyombo vya kubeba mafuta vijaze chombo kingine angani, kimoja baada ya kingine. Hadi mwisho wa 2025 kilichokuwa kimefanyika ni kuhamisha oksijeni kutoka tangi moja hadi jingine ndani ya chombo kimoja, Machi 2024. Kuunganisha vyombo viwili bado.

Mwenye setilaiti ndogo hana haja ya foleni hii. Taifa-1 ya Kenya ilipanda Falcon 9 pamoja na abiria wengine tarehe 15 Aprili 2023, siku tano kabla ya Starship ya kwanza kulipuka. Watakaoonja faida mapema ni wateja wa Starlink, kwa kuwa setilaiti kubwa zinazofuata zimebuniwa kwa ajili ya tumbo la roketi hii.

Alama zetu: Super Heavy 8 kwa 10, pungufu kwa sababu ya siku kati ya safari. Chombo cha juu 4, na zote nne ni za Agosti na Oktoba. Utaratibu wa majaribio 6: mkali kwa matangi, mzuri kwa injini, dhaifu kwa vitu vidogo vinavyofungwa katikati yake.

Toleo la tatu limeanza kwa njia ileile. Injini zake zinasukuma tani 280 kila moja badala ya 230, na kila moja ina kilo 1,525 badala ya 1,630. Mapezi ya wavu ni matatu badala ya manne, na pete ya kutenganishia, iliyo kati ya Super Heavy na chombo cha juu, imeunganishwa na mwili badala ya kutupwa. Super Heavy ya kwanza ya toleo hilo, nambari 18, ilipasuka tangi la oksijeni huko Massey's tarehe 21 Novemba 2025, wakati mifumo yake ya gesi ikipimwa presha. Haikuwa na injini hata moja, wala tone la mafuta, na hakuna aliyeumia. Nambari 19 ikaanza kupangwa mahali pake.